Televisheni Visiwani na Milimani: Kwa Nini Bonde la Babu Lilikosa Picha

Muhula uliopita tulisoma habari za mawimbi katika somo la fizikia, na mwalimu wetu alimtaka kila mmoja atafute jambo moja la kwao linaloelezwa na somo hilo. Wengi waliandika habari za mwangwi, na wengine habari za redio. Mimi nilichagua televisheni, kwa sababu ilikuwa imeleta fadhaa nyumbani kwa babu yangu, wilayani Kilolo, Mkoa wa Iringa. Niliyoyaandika wakati ule yalikuwa machache, na mengine yalikuwa na makosa. Sasa nimeyapanga upya ili wasomaji wa gazeti letu wapate faida, hasa wale ambao wazazi wao wanafikiri kununua king'amuzi.

Bwenini kwetu yuko mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake ni watu wa Pemba, na baba yake ni mtumishi hapa Mbeya. Jioni moja nilipokuwa nikimweleza shida ya babu, alicheka sana, kisha akasema: "Sisi tumezungukwa na bahari pande zote, na picha twaipata safi. Ninyi mko bara, na barabara mnayo. Basi ni nani kati yetu anayekaa kisiwani?" Sikuweza kumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu.

Televisheni ilivyoingia kwetu

Watu wengi hudhani kwamba mambo mapya huanza bara, kisha huvuka maji kwenda visiwani. Katika habari za televisheni mambo yalikuwa kinyume. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena matangazo ya rangi, kabla ya nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara. Uingereza yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilikuwa imeanza rangi mwaka 1967 tu. Bara tulikaa miaka ishirini bila kituo chetu. Vituo vya kwanza vya bara vilianza mwaka 1994, navyo vilikuwa vya watu binafsi. Televisheni ya Serikali ilifuata miaka kadhaa baadaye. Katika muda huo wote watu wa Dar es Salaam waliokuwa na seti za televisheni walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa na kuzielekeza baharini, ili wapate picha za Unguja. Mwaka 2013 redio na televisheni za Serikali ya Zanzibar ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, yaani ZBC.

Sasa tuje kwenye mabadiliko yenyewe. Mwaka 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva, Uswisi, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Zilikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 ulinzi wa masafa ya televisheni ya analojia utakwisha katika sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika, na mfumo wa dijitali utashika mahali pake. Nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea tarehe ya karibu zaidi, mwisho wa mwaka 2012. Tanzania haikungoja. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Miji mingine mikubwa ikafuata mmoja baada ya mwingine, na zamu ya Mbeya ilikuwa tarehe 30 Aprili 2013. Iringa ilikuja nyuma, katika awamu ya pili. Jirani zetu wa Kenya walichelewa kwa sababu ya kesi za mahakamani, na mwaka 2015 baadhi ya vituo vyao vikubwa vilikaa siku kadhaa bila kuonekana kabisa.

Tofauti ya mifumo miwili

Katika mfumo wa analojia, wimbi lenyewe hupanda na kushuka kwa kufuata mwangaza wa picha. Likidhoofika njiani, picha nayo hudhoofika. Tunaona chenga, vivuli na mistari, lakini sura ya mtu bado twaitambua na sauti yake twaisikia. Katika mfumo wa dijitali, picha hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, nazo ni mbili tu, 0 na 1. Wimbi hubeba tarakimu hizo, na king'amuzi huzisoma na kuzirudisha kuwa picha.

Nitatoa mfano. Chukua mchoro wa penseli na barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa, uvimwagie maji kidogo vyote viwili. Mchoro utaharibika kwa kiasi cha maji yaliyoupata. Barua haitaharibika vivyo hivyo, maana herufi A iliyotota kidogo bado ni A, na msomaji ataisoma kama mpya. Tena mwandishi mwenye busara huongeza maneno ya ziada, ili moja likifutika msomaji alikisie kwa kutazama mengine. Mfumo wa dijitali nao huongeza tarakimu za ziada kwa kazi hiyo. Lakini maji yakizidi mpaka herufi zikatoweka, barua haisomeki hata kidogo, na hapo mchoro uliochafuka una nafuu. Ndiyo maana picha ya dijitali aidha ni safi, aidha hukatika vipande vipande na kuganda, kisha haipo kabisa. Ni kama mtu anayetembea uwandani, kisha ghafula akafika ukingoni mwa genge.

Faida za dijitali ni za kweli, wala sitaki kuzificha. Njia moja ya masafa yenye upana wa megahezi 8, ambayo zamani ilibeba kituo kimoja tu, sasa yaweza kubeba vituo kumi au zaidi, kwa sababu tarakimu zaweza kubanwa. Masafa yaliyobaki yamepata kazi nyingine: mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliuza kwa mnada masafa ya megahezi 700, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, ili yatumiwe na makampuni ya simu. Kwa hiyo kijana anayefungua intaneti kwenye simu yake huenda anapita katika njia iliyoachwa na televisheni ya zamani.

Yaliyompata babu

Babu yangu alikuwa na seti ya televisheni tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Nyumba yake imo bondeni, na nyuma yake kuna mgongo wa mlima uliopandwa miti ya mbao. Nakumbuka jioni majirani walikuwa wakiingia na vigoda vyao, na picha ilikuwa ya chenga tupu, lakini taarifa ya habari waliifuata mpaka mwisho. Mitambo ya analojia ilipozimwa, seti ile ikafunikwa kitambaa, na babu akarudi kwenye redio yake. Alikaa hivyo miaka mingi bila kulalamika.

Mwaka jana wakati wa likizo mimi ndimi niliyemshauri anunue king'amuzi cha antena. Nilijiona msomi. Tulikwenda Iringa mjini, babu akiwa na fedha za magunia mawili ya viazi. Muuzaji alikifunga mbele yetu dukani, picha ikatoka safi kama maji ya kisima. Mimi nikasema, "Babu, mambo yamekwisha." Sikuuliza neno lolote juu ya bonde letu, wala muuzaji hakuuliza tunakaa wapi.

Tulipofika nyumbani tukakifunga, majirani wakaja na vigoda vyao kama zamani, kumi na wawili au zaidi. Kioo kikatuandikia kwamba hakuna mawimbi. Tuligeuza antena pande zote. Baba mdogo akapanda juu ya bati, kisha juu ya mti. Hakuna kitu. Majirani wakaaga mmoja mmoja kwa adabu, na hiyo adabu yao iliniuma kuliko kama wangecheka. Babu akasema maneno haya, nami sijayasahau: "Zamani niliwaona watu kama walio ndani ya mvua, lakini niliwaona. Leo mmeniletea sanduku la kuniambia kwamba hakuna kitu." Tulipokirudisha dukani, muuzaji alikijaribu, kikaonyesha vizuri, akasema chombo ni kizima, hawezi kukipokea. Kwa kweli hakusema uwongo. Kosa lilikuwa langu.

Hesabu ya mnara

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu, naye akanipa kanuni ifuatayo, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuitumia. Chukua kimo cha antena kwa meta, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni umbali kwa kilometa ambao wimbi laweza kufika kabla halijazuiwa na mviringo wa dunia. Fanya hivyo kwa mnara wa kurushia, na tena kwa antena ya kupokelea, kisha jumlisha.

Tuseme mnara una meta 100. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, na 10 mara 4 ni kilometa 40. Antena ya nyumbani ikiwa juu ya mti wa meta 9, kipeuo chake ni 3, na 3 mara 4 ni 12. Jumla ni kilometa 52. Mkondo kati ya Unguja na Pemba una upana wa kilometa 50 hivi. Kwa hiyo mnara wa kimo hicho uliosimama mwisho wa Unguja ungefika ufukoni mwa Pemba kwa shida tu, na watu wa Chake Chake na Wete wangekosa. Ndipo tunaelewa kwamba Pemba yahitaji mitambo yake yenyewe. Kadhalika tunaelewa jinsi Dar es Salaam, iliyo mbali na mji wa Zanzibar kwa kilometa 70 hivi, ilivyoweza kupata picha kwa antena ndefu: mitambo ikiwa mahali pa meta 225, wimbi lafika kilometa 60, na antena ya meta 9 huongeza 12.

Lakini angalieni jambo moja. Kanuni hii ni ya mahali tambarare. Bahari haina kilima, na wimbi likiisha kuondoka Unguja halikuti kitu mpaka lifike ng'ambo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hesabu hiyo haitoshi. Mlima Rungwe una meta 2,960 hivi, na Mbeya mjini tunaishi chini ya Loleza, mlima unaojitokeza mbele yetu kama ukuta. Wimbi la televisheni huenda karibu sawasawa na mwanga. Pale ambapo mlima ungetia kivuli kama taa ingewashwa juu ya mnara, ndipo penye kivuli cha televisheni pia. Bonde la babu liko kivulini. Wakati wa analojia mabaki ya wimbi yaliyopinda juu ya mgongo wa mlima yalitosha kuleta picha ya chenga. Kwa dijitali mabaki hayo hayatoshi kusomwa, na king'amuzi kinanyamaza.

Likizo iliyofuata tulipima kwa vitendo. Mimi na baba mdogo tulibeba seti, betri ya gari na king'amuzi mpaka juu ya mgongo ule, mwendo wa nusu saa. Antena tuliishika kwa mkono tu. Picha ikatoka mara moja. Tulisimama pale kati ya miti tukitazama taarifa ya habari, na chini yetu tukaona moshi wa jiko la bibi. Kutoka penye picha mpaka pasipo na picha hapakuzidi kilometa mbili.

Idadi ya watu na gharama za mnara

Sasa naweza kumjibu rafiki yangu wa Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na eneo lake halifiki kilometa za mraba 2,500. Maana yake, kila kilometa ya mraba ina watu zaidi ya 700. Mkoa wa Iringa una watu karibu milioni 1.2 katika kilometa za mraba zaidi ya 35,000, yaani watu kama 34 tu kwa kila kilometa moja, tena katikati ya milima. Mnara mmoja wa Unguja huhudumia miji na mashamba kwa pamoja. Mnara wa kuhudumia bonde letu peke yake ungehudumia nyumba chache tu, na gharama yake ni ile ile: chuma, umeme, fundi na mlinzi. Kisiwa kinachozungukwa na bahari kina taabu zake, lakini kwa televisheni bonde lililozungukwa na milima ni kisiwa zaidi.

Tena mfumo mpya umebadili kazi ya utangazaji. Zamani kituo cha televisheni kilikuwa na mnara wake. Katika dijitali, anayetengeneza vipindi ni mmoja, na anayebeba mawimbi ni mwingine. Bara makampuni matatu yalipewa leseni ya kubeba matangazo ya vituo vyote, na Zanzibar kuna kampuni yake, ZMUX. Mpango huu hupunguza minara isiyo ya lazima, lakini mbebaji naye hutazama faida. Atajenga kwanza penye watu wengi.

Jambo hili si la kwetu tu. Kati ya Uingereza na Ufaransa vipo Visiwa vya Channel, kama vile Jersey na Guernsey, ambavyo vimekuwa na kituo chao cha televisheni tangu mwaka 1962. Mitambo yao ya analojia ilizimwa tarehe 17 Novemba 2010. Watu wa visiwa hivyo walipata vituo vikuu kwa dijitali, lakini baadhi ya chaneli nyingi zilizofika Uingereza kwenyewe hazikuwafikia kwa antena, kwa kuwa wabebaji wa biashara hawakupanua mitambo yao mpaka huko. Basi hata katika nchi tajiri watu wachache huhesabiwa mwisho.

Dawa tuliyoipata

Kwa watu wa kivulini ipo njia ya dishi. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka sawasawa na dunia, hata huonekana kama zimesimama. Sisi tulio karibu na ikweta twaweza kupata iliyo juu sana angani, na mlima ulio kando haupati nafasi ya kuizuia. Babu aliuza mbuzi, akanunua king'amuzi cha dishi, na safari hii fundi alikuja kwanza kuona mahali. Picha ilitoka siku hiyo hiyo. Kati ya chaneli zilizokuja mojawapo ilikuwa ZBC, na mzee wa Kilolo, ambaye hajaona bahari maisha yake yote, akakaa akitazama wavuvi wakivuta nyavu.

Lakini dishi halimalizi neno. Ving'amuzi vingi vya dishi huendeshwa kwa malipo ya kila mwezi, na mwaka 2018 palitokea mgogoro juu ya chaneli za nyumbani zinazopaswa kuonekana bure. TCRA ilisema kwamba baadhi ya makampuni ya malipo hayakuwa na leseni ya kuzibeba, zikaondolewa, na wateja wengi wakalazimika kutafuta king'amuzi cha pili. Mkulima hana mshahara wa mwezi. Fedha yake huja na mavuno. Kwa maoni yangu, habari za nchi zisiwe kitu cha kukatwa mwezi ambao viazi havijakomaa.

Ushauri kwa wasomaji

Kabla ya mzazi wako kutoa fedha, fanya haya:

1. Uliza jirani wa karibu, si wa mjini, anatumia chombo gani na anapata nini.
2. Tazama upande ulipo mnara. Ukiona mlima katikati, usinunue cha antena mpaka ukijaribu nyumbani.
3. Patana na muuzaji, mbele ya shahidi, kwamba chombo kisipopata mawimbi nyumbani kwako utakirudisha.
4. Uliza ni chaneli zipi zitabaki bure malipo yakiisha.

Nami naongeza la tano kwa wenzangu tunaosoma: tusiwape wazee ushauri kwa kuwa tu tumevaa sare ya shule. Niliijua televisheni ya dukani, wala sikulijua bonde la babu yangu, ingawa nilizaliwa humo. Elimu niliyokuwa nayo ilitosha kupiga hesabu hii tangu mwanzo, lakini sikuipiga, na mzee akalipa kwa magunia mawili. Ahadi yangu kwake ni kumlipa. Kwa sasa nimemlipa kwa kuandika makala haya, na aliponisikia nikimsomea alisema, "Vema, lakini viazi ni viazi."

Maswali ya kujipima

1. Mnara una meta 64 na antena ya nyumbani ina meta 4. Mahali tambarare, picha yaweza kufika kilometa ngapi?
2. Kwa nini picha dhaifu ya analojia huonekana, na ya dijitali hupotea?
3. Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi zilizo kivulini mwa mlima? Chora ramani yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne